Zari inakatika, inafifia, inawasha: utatuzi wa matatizo ya uzi wa metali kwa mafundi wa Lamu

Mfungo Sita ukikaribia, vyumba vya ushoni vya Langoni na Mkomani hufanya kazi hadi usiku wa manane. Majoho ya Maulidi, kanzu za kutarizi kifuani, vizibao vya watoto wa madrasa, abaya za harusi zinazofuata: zote zinataka zari, na malalamiko yanayorudi mezani ni yale yale. Uzi unakatika. Dhahabu imegeuka fedha. Ukosi umeota kijani. Mwenye joho anajikuna shingo.

Anayelaumiwa kwanza ni fundi, kisha mashine, kisha hewa ya bahari. Vyote hivyo vina sehemu yake, na nitavipitia. Lakini sehemu kubwa ya hasara ninayoiona ilianza dukani, pale uzi uliponunuliwa kwa kupimwa kwa macho. Mng'aro haukwambii uzi umetengenezwa na nini. Uzi wa bei kubwa na wa bei ndogo hung'aa sawa siku ya kwanza. Ndiyo maana katika kila dalili nitasema nini cha kuangalia leo ili kazi iliyo mezani iokoke, na nini cha kudai kwa muuzaji safari ijayo.

Ujue kwanza ulichoshika

Zari ya asili, ambayo mji wa Surat kule Gujarat, India, umejulikana nayo kwa vizazi, ni waya wa fedha uliovutwa ukawa mwembamba sana, ukabanwa ukawa bapa, ukazungushwa juu ya uzi wa hariri na kupakwa dhahabu. Inayofuata kwa daraja ni waya wa shaba uliopakwa fedha, juu ya kiini cha pamba au poliesta. Ya tatu, ambayo ndiyo karibu yote inayouzwa leo kwa mashine, ni plastiki: filamu ya poliesta iliyopigwa mvuke wa alumini ndani ya chombo kisicho na hewa, ikapakwa vanishi, kisha ikakatwa tepe nyembamba. Wengi huiita luresi. Lurex ni jina la biashara lililotoka Marekani katika miaka ya 1940, na leo viwanda vingi vinatengeneza uzi wa namna hiyo, hasa vya India na vya Dongyang katika jimbo la Zhejiang, China.

Shika jambo hili moja, kwa sababu nusu ya maelezo ya mbele yanalitegemea: dhahabu ya uzi wa plastiki si dhahabu wala shaba. Ni alumini nyeupe iliyolazwa chini ya vanishi ya manjano.

Kutofautisha hizo tatu, kata kipande cha shibiri moja, kishike kwa koleo, kiwashe kiberiti nje, juu ya mchanga, mbali na makuti na vitambaa. Uzi wa plastiki husinyaa, huyeyuka na kuacha kitone kigumu. Zari ya waya huacha waya. Ukwaruze kwa wembe: wekundu ni shaba, weupe ni fedha. Kiini nacho husema: kikiungua na kuacha jivu laini ni pamba au viskosi (nyuzi zinazotengenezwa kwa mti), kikiyeyuka ni poliesta au nailoni, na kikinuka unywele ulioungua ni hariri.

Halafu kuna herufi ambazo viwanda huandika kwenye karatasi ya koni. M ni utepe mtupu, bila uzi wa kuusaidia. MH ni utepe uliosokotwa na uzi mmoja mwembamba. MX una nyuzi mbili zinazopishana juu ya utepe kutoka pande mbili. MS ni utepe uliozungushwa juu ya kiini mpaka kiini hakionekani, na huu ndio uzi wa tarizi ya mashine. Koni isiyo na karatasi ya kiwanda, iliyofungwa upya na muuzaji wa katikati, haina herufi hizi. Hiyo peke yake ni sababu ya kuuliza kabla ya kulipa.

Dalili: uzi unakatika mashine ikianza tu

Hii ndiyo kubwa kuliko zote. Fuata mpangilio huu bila kuruka, kwa sababu sababu za mwanzo ndizo za kawaida na hazigharimu kitu.

Anza na sindano. Sindano namba 11 inayofaa uzi wa poliesta wa kawaida ina tundu dogo mno kwa zari. Utepe unakwangua kingo za tundu, unachubuka, kisha kiini kinabaki peke yake na kukatika. Weka namba 14, yenye tundu refu. Zipo sindano zilizotengenezwa mahsusi kwa uzi wa metali, na pakiti zake huandikwa MET. Tundu lake ni refu na limelainishwa. Sindano iliyokwishashona jinzi au turubai usiirudishe kwenye joho hata kama bado ina ncha.

Baada ya sindano, legeza mkazo wa juu. Zari haivutiki kama poliesta, kwa hiyo mkazo uliozoea kuutumia ni mwingi kwake. Punguza kidogo kidogo, ukishona juu ya kipande cha kitambaa kile kile, mpaka upande wa chini uone uzi wa juu umeshuka kidogo kuzunguka uzi wa bobini, ule wa chini. Bobini yenyewe usiijaze zari. Jaza poliesta nyembamba ya rangi inayokaribia.

Sasa tazama jinsi uzi unavyotoka kwenye koni. Ukivutwa kwenda juu, kila mzunguko unaongeza msokoto mmoja. Zari hujikunja vifundo vidogo kabla ya kufika kwenye sahani za mkazo, na kila kifundo ni mahali pa kukatikia. Rili ndogo za zari zilaze ubavu ili zizunguke zenyewe uzi unapovutwa. Koni kubwa isimamishe mbali na mashine, umbali wa mkono mzima nyuma yake, ili msokoto upate nafasi ya kutawanyika. Mabadiliko haya peke yake yameokoa kazi nyingi ambazo watu walishaanza kuulaumu uzi.

Kwa mashine ya tarizi ya kompyuta, punguza kasi. Uzi wa kawaida hushonwa kwa mishono 800 au zaidi kwa dakika. Zari iweke kati ya 400 na 600. Sindano inayokimbia hupata moto, na vanishi na plastiki haviupendi moto. Kisha tazama mchoro wenyewe. Mchoro uliopangwa kwa uzi wa kawaida huweka mistari ya mishono karibu milimita 0.4 mmoja na mwenzake. Zari ni pana na ngumu zaidi. Ifungulie hadi 0.45 au 0.5, na ondoa mishono mifupi sana kwenye kona na ncha za majani. Mchoro ulionunuliwa tayari mara nyingi haukupangwa kwa zari, hata kama picha yake ya matangazo imepakwa dhahabu.

Ukifanya yote hayo na bado unakatika, sasa ndipo uushuku uzi. Fungua msokoto wa kipande kwa kucha. Ukikuta utepe mtupu, au utepe na uzi mmoja mwembamba tu wa nailoni, umeuziwa M au MH, ambao ni wa kufuma sweta na vitambaa, badala ya MS. Huo hautatarizi vizuri hata ukiubembeleza vipi. Mpe mfumaji au ushone kwa mkono kwa kuulaza juu ya kitambaa na kuubana kwa uzi mwingine. Ukikuta kiini ni cha viskosi, kumbuka kwamba viskosi hupoteza nguvu nyingi ikilowa, na chumba cha Lamu wakati wa mvua za masika hakikauki. Kiini cha poliesta ndicho cha kudai hapa kwetu.

Simama hapa: ikiwa uzi wa kawaida nao unakatika kwenye mashine hiyo hiyo, ikiwa sindano inagonga bamba, au ile ndoana inayozunguka bobini ina mkwaruzo unaokamata kucha, usiendelee kujaribu koni nyingine. Usiipige msasa ndoana mwenyewe wala kubadilisha wakati wake wa kukutana na sindano. Hiyo ni kazi ya fundi wa mashine. Na ukisikia harufu ya kuungua kutoka kwenye mota, zima, chomoa waya ukutani, usiiwashe tena mpaka ifunguliwe.

Dalili: rangi imebadilika

Mteja akileta nguo, usimuulize kwanza ameifuaje. Atasema ameifua vizuri. Tazama rangi imegeuka kuwa nini, kwa sababu kila badiliko lina chanzo chake.

*Dhahabu imekuwa fedha.* Vanishi ya manjano imetoka, alumini imebaki. Mara nyingi ni msuguano: ukosi, kiwiko, mahali mkoba unapokaa. Sababu ya pili ni marashi yenye spiriti yaliyopuliziwa moja kwa moja juu ya tarizi, maana baadhi ya vanishi hulainika kwa spiriti na kufutika. Kwetu, ambako nguo ya heshima haivaliwi bila manukato, hili ni la kuliangalia sana. Mwambie mteja apulize upande wa ndani wa nguo, mbali na zari, au ajipake mwilini na kungoja pakauke. Sababu ya tatu ni jua: rangi dhaifu ya vanishi hupauka, na utaona upande uliokuwa ukitazama dirisha umepauka kuliko uliokunjwa. Hakuna dawa ya kuirudisha. Sehemu hiyo hufumuliwa na kutariziwa upya.

*Utepe umekuwa plastiki tupu, unaona kiini kupitia kwake.* Alumini yenyewe imeliwa. Tabaka la alumini kwenye filamu ni jembamba ajabu, sehemu ndogo sana ya mikroni moja (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na adui yake mkubwa ni alkali: magadi, sabuni kali ya kufulia, na blichi. Blichi ya klorini ni mbaya mara mbili, kwa sababu ina klorini na alkali pamoja. Kanzu nyeupe ndizo zinazoumia zaidi, maana mtu hataki kuona doa kwenye kanzu na mkono wake unakwenda kwenye chupa ya blichi. Fua kwa sabuni ya maji isiyo kali, maji baridi, mkono mwepesi, usiiloweke.

Chumvi nayo huila alumini, taratibu zaidi. Visima vingi vya mjini vina maji ya chumvi, na nguo ikisuuzwa humo na kuanikwa, maji yanaondoka na chumvi inabaki ndani ya mishono. Suuza mara ya mwisho kwa maji matamu ya mfereji au ya mvua. Jasho la shingoni hufanya kazi ile ile. Joho lisilofuliwa mara kwa mara liwekewe bitana nyembamba ya pamba ndani ya ukosi, bitana inayofumuliwa na kufuliwa peke yake. Ni kazi ya saa moja na hulinda zari miaka.

Hapa ndipo ubora wa uzi unapoonekana. Filamu ya tabaka moja ina alumini iliyofunikwa kwa vanishi tu. Filamu ya tabaka mbili ina alumini katikati ya poliesta mbili zilizogandishwa kwa gundi, na kinachobaki wazi ni kingo za utepe peke yake. Kwa mji wa pwani kama wetu, tabaka mbili si anasa. Ukitaka kuhakikisha ulichouziwa, koroga kijiko cha magadi kwenye glasi ya maji ya moto, tumbukiza kipande cha uzi unaoujua na kipande cha uzi mpya, vitazame pamoja. Wa tabaka moja wenye vanishi duni hupoteza metali yake mapema, uso mzima kwa pamoja. Wa tabaka mbili huanza kuliwa pembeni na kuingia ndani polepole. Vaa glavu, na maji hayo yasifike machoni.

*Umeota kijani.* Hiyo ni shaba. Uzi wa plastiki hauwezi kuota kijani, kwa hiyo uliuziwa waya wa shaba, pengine kwa jina la zari halisi na bei yake. Chumvi na unyevu vimepenya pale fedha iliyopakwa juu ilipochakaa. Kijani hicho pia huchafua kitambaa cheupe na hakitoki kirahisi. Waya wa shaba una nafasi yake katika mapambo ya kutundika. Kwenye kanzu ya Lamu mimi sitauweka.

*Umekuwa mweusi.* Ni fedha iliyokutana na salfa, ambayo hutoka hata kwenye mpira na sufi. Ondoa raba-bendi zote kwenye koni, na usihifadhi joho lenye zari ya fedha ndani ya mfuko wa plastiki uliobana. Lifunge kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila blichi wala dawa ya kulainisha.

Simama hapa kabisa: joho la zamani la ukoo lenye zari nyeusi lisisuguliwe kwa ndimu, ukwaju, dawa ya meno wala dawa ya kung'arisha vyombo. Dhahabu iliyopakwa juu ya fedha ni nyembamba, na ukiisugua inaondoka pamoja na weusi. Lipeleke kwanza Makumbusho ya Lamu, uulize ushauri wa watu wa uhifadhi. Kitu kama hicho kikiharibika hakuna koni dukani itakayokirudisha.

Dalili: kitambaa kimekunjamana kando ya tarizi

Sababu ya kwanza ni pasi. Poliesta huyeyuka karibu nyuzi 250 hadi 260 za Selsiasi, lakini filamu huanza kusinyaa mapema zaidi. Pasi ya umeme iweke kwenye nukta moja, ambayo haizidi nyuzi 110. Nukta tatu za pamba ni kama 200. Geuza nguo ndani nje, weka kitambaa cha pamba katikati, bonyeza badala ya kuburuta. Pasi ya makaa haina nukta, basi isiguse zari hata kidogo: piga pasi kitambaa, zunguka tarizi.

Chetezo pia ni moto. Nguo ikitandazwa karibu na makaa wakati wa kufukiza udi, zari iliyo chini kabisa husinyaa, na mtu hashuku kwa sababu kitambaa chenyewe hakikuungua. Inua nguo juu zaidi.

Ikiwa kunjo lilikuwapo kabla ya pasi, tatizo ni lako mezani: mkazo mwingi, au kitambaa chepesi kilichotariziwa bila kitambaa kigumu cha kukitegemeza chini. Na kama limetokea baada ya kufuliwa mara ya kwanza, kitambaa kimerudi, yaani kimesinyaa, na zari haikurudi. Pamba ifue kabla ya kuikata.

Dalili: inawasha

Geuza upande wa ndani, pitisha mgongo wa mkono. Mara nyingi ni ncha za uzi zilizokatwa fupi. Zivute ndani na uzibe kwa bitana. Isipokuwa hivyo, ni kingo za utepe. Utepe mtupu wa M una kingo kali, na mpana unakwaruza kuliko mwembamba. Kwa nguo inayogusa ngozi dai MX au MS, wa utepe mwembamba.

Kwa nguo za watoto dai pia cheti cha OEKO-TEX STANDARD 100, cha kupimwa kemikali zenye madhara. Cheti kina namba, na namba hiyo huhakikiwa kwenye tovuti yao wenyewe. Kina pia daraja la bidhaa, daraja la I likiwa la watoto wachanga na la II la vitu vinavyogusa ngozi. Picha ya cheti isiyosomeka namba si cheti.

Mteja akitokwa na vipele, malengelenge au uvimbe, asiivae tena nguo hiyo na aende kumwona daktari. Usimpe mafuta ya kupaka, wala usimwambie itazoea.

Dalili: koni mpya hailingani na ya kwanza

Linganisha namba za loti kwenye karatasi za koni. Loti tofauti zina vanishi iliyochanganywa siku tofauti, na tofauti ndogo ambayo huioni ndani ya chumba cha mawe chenye kivuli itaonekana barazani juani. Nunua uzi wa kazi nzima kwa loti moja, pamoja na akiba. Kama loti ni moja na bado rangi zinatofautiana, tazama mwelekeo wa msokoto na mwelekeo wa mishono. Zari inayotazama kulia na inayotazama kushoto haziakisi mwanga sawa.

Dalili: koni inaisha kabla ya hesabu

Hapa tuna bahati, kwa sababu masonara wa Lamu wana mizani inayosoma sehemu za gramu. Tengeneza ubao wenye mzunguko wa mita 1, zungusha uzi mara 100, peleka mita hizo 100 zikapimwe. Kisha pima koni nzima, utoe uzito wa koni tupu. Mfano: mita 100 zikiwa gramu 2.5 na uzi wote wa koni ukiwa gramu 100, koni ina mita 4,000, hata kama karatasi imeandika 5,000.

Mizani hiyo hiyo hufichua unene. Utepe mtupu wa upana wa milimita 0.37, ambao viwandani huandikwa 1/69 ya inchi, ukiwa wa filamu ya mikroni 12 huwa karibu gramu 0.6 kwa mita 100. Wa mikroni 25 hukaribia gramu 1.3. Muuzaji anayekutoza bei ya 25 na kukupa 12 hawezi kubishana na mizani.

Dalili: sampuli ilikuwa nzuri, mzigo ni mbaya

Sababu ya kawaida si udanganyifu. Ni oda isiyosema kitu. Ukiandika "uzi wa dhahabu mzuri, koni 50", kiwanda kinakupa chochote cha dhahabu kilichopo. Andika aina kwa herufi, upana wa utepe, mikroni za filamu, tabaka moja au mbili, kiini ni cha nini na denia ngapi, rangi kwa namba ya kadi yao ya rangi, mita kwa koni, na loti moja kwa mzigo wote. Denia ni uzito wa mita 9,000 kwa gramu, kwa hiyo hata hiyo utaipima kwa sonara. Kiwanda chenyewe hujibu maswali haya siku hiyo hiyo. Wa katikati asiyejua anachouza hubadilisha mazungumzo yakawa ya bei, na hapo ndipo ninapoagana naye.

Sampuli ikija, ikate vipande viwili. Kimoja kifunge kwenye bahasha, weka tarehe na sahihi, piga picha pamoja na karatasi yake, mtumie muuzaji; hicho ndicho kipimo cha mzigo. Kingine kitese. Tarizi ua dogo juu ya kitambaa utakachotumia, ligawe sehemu. Moja ilowe maji ya bahari, ianikwe, ilowe tena, kwa siku saba. Moja ifuliwe kwa sabuni inayotumika nyumbani. Moja ipulizwe marashi. Moja ipigwe pasi kupitia kitambaa. Moja isuguliwe kwa kitambaa cheupe kilicholowa, utazame kama rangi inahamia. Mwisho, bandika selotepu juu ya uzi na uibandue kwa nguvu: metali ikija na selotepu, vanishi na alumini havikushikana, usinunue hata koni moja.

Kwa oda ya kwanza usitume pesa yote mbele, wala usitume kwenye akaunti ya mtu binafsi wakati ankara ina jina la kampuni. Utaratibu wa kawaida ni amana ya asilimia 30 na salio baada ya kuona hati za mzigo. Kama kiwango cha chini cha kiwanda ni kikubwa kuliko mahitaji yako, agizeni mafundi kadhaa kwa rangi moja na loti moja, mgawane Lamu.

Simama hapa pia: forodha si mahali pa kujifunzia. Uzi wa metali una kifungu chake katika orodha ya ushuru, namba 5605, na ukitangazwa kama uzi wa kushonea wa kawaida au kama mapambo, mzigo unaweza kukwama Mombasa na gharama za bandari zikaendelea kuhesabika. Juu ya ushuru kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 na tozo nyinginezo za uagizaji. KEBS, shirika la viwango la Kenya, nayo ina utaratibu wa bidhaa kukaguliwa zikiwa bado katika nchi zinakotoka. Mpe wakala wa forodha aliyesajiliwa na KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, ankara ya awali na maelezo ya uzi kabla ya kulipa amana, akwambie jumla ya gharama na hati zipi kiwanda kizitoe kabla ya kupakia.

Mzigo ukitoka Mombasa kwa barabara hadi gati la Mokowe upande wa bara, sehemu ya hatari ni pale unaposhushwa gatini na kupakiwa botini. Dai kila koni iwe ndani ya mfuko wake na boksi liwe na karatasi ya nailoni ndani. Ukifika, fungua maboksi mawili matatu kutoka juu na kutoka chini, linganisha na kipande kilicho kwenye bahasha, pima koni moja kwa sonara, na uandike kasoro yoyote kwenye hati ya kupokelea kabla ya kutia sahihi.